Mguu wa Kushoto wa Germaine

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwaka 1957, gari kubwa la Kimarekani lenye rangi ya majani machanga lilisimama mbele ya nyumba ya Edouard, pale Makomeno, katika mtaa wa wafanyakazi wa reli mjini Élisabethville, Kongo. Hakuna aliyelitarajia. Watoto waliacha mpira wao wa matambara. Wanawake wawili wa jirani walitoka nje na miko ya bukari, ugali wa huko, bado mikononi, unga ukidondoka miguuni mwao.

Mlango wa gari ulifunguka akashuka mtu asiyejulikana mtaani. Alikuwa na kofia nyeusi na koti lililopigwa pasi vizuri, na mguu wake wa kushoto, kuanzia gotini, ulikuwa wa mti.

"Hapa njo kwa Edouard, mashinisti wa garimoshi?" aliuliza.

Germaine, mke wa Edouard, alikuwa barazani na cherehani yake. Akasimama, akamjibu kwa kumwita tata, yaani baba. "Eeh, njo kwake, tata. Karibu. Unatoka wapi?"

"Sakania. Naitwa Mukuka. Kule pa stasyo ya reli banasema bwana yako anatafuta motokari. Basi, nimeileta."

Germaine alilitazama gari kutoka pua hadi mkia. "Anatafuta motokari, tata. Nyumba tuko nayo."

Wale wanawake wa miko waliangua kicheko, na Mukuka akacheka kuliko wote. Hapo Edouard akatokea nyuma ya nyumba akijifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole wa sauti, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameendesha magarimoshi kati ya Élisabethville na Sakania. Alipoliona lile gari alisimama, akasahau kusalimia.

Mukuka alieleza habari zake kwa ufupi. Alikuwa dereva wa mfanyabiashara Mgiriki aliyerudi kwao. Mgiriki alimwachia gari, akamwomba aliuze kwa mtu mwema. Mguu wake ulibaki katika mgodi mmoja ng'ambo ya mpaka, naye akafikiri kazi ya udereva imekwisha, mpaka siku ile gari hili liliposhushwa kutoka kwenye behewa.

"Ju hii iko otomatike," alisema, akigonga boneti kwa vidole. "Angalia chini. Pedali mbili tu. Moja ya kuenda, moja ya kusimama. Ile ya tatu, ya ambreyaji, ile ng'ambo banaita klachi, haiko. Vitesi, zile gia, inajipanga yenyewe. Mi na hii motokari tunapatana: iko na miguu mbili mu kazi ya tatu, na mi niko na moja mu kazi ya mbili."

Edouard aliinama, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

Ili kuelewa alichokuwa akikifikiria, ni lazima kumjua mama mkwe wake.

Mama Nkandu, mama yake Germaine, alikuwa mtu wa hapa hapa. Ukoo wake ulilima mahindi na mihogo upande wa Karavia tangu kabla ya reli kufika. Sasa alikaa huko na kaka yake, mzee kama yeye, na macho yake yalikuwa yanazimika. La kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilibaki na mwanga kidogo, kama wa dirisha lenye vumbi. Daktari wa macho hospitalini alikuwa amesema wazi: kuanzia Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa kumi aje kila Jumanne na kila Ijumaa, asubuhi mapema, kwa miezi sita, apigwe sindano na kusafishwa. Akifanya hivyo, jicho litabaki. Asipofanya, litafuata mwenzake.

Kutoka shambani hadi hospitali ni mwendo mrefu kwa mwanamke asiyeona shimo mbele yake. Basi halikupita kule. Kaka yake alijaribu kumbeba kwa baiskeli mara moja, wakaanguka wote wawili kwenye mtaro wa mahindi. Wala Mama Nkandu hakuweza kuhamia Makomeno, kwa sababu mama hawezi kulala chini ya paa la mume wa binti yake. Ndiyo heshima waliyolelewa nayo pande zote mbili, ukoo wa Germaine wa hapa na ukoo wa Edouard uliotoka Kabalo, kaskazini. Mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawasemi ana kwa ana. Kwa miaka kumi na minne Edouard hakuwa ameuona uso wa Mama Nkandu vizuri hata mara moja, na alimpenda sana.

Hapo palikuwa na ugumu ambao hata muuza magari mjini hangeuelewa. Edouard alikuwa ameweka akiba miaka sita ili kununua gari la familia. Lakini gari lile, hata akilinunua, yeye asingeweza kumchukua mama mkwe ndani yake. Kuketi bega kwa bega na mkwe wako, ukibebwa naye, ukipumua pumzi yake! Mama Nkandu angechagua kupofuka. Tena siku za Jumanne na Ijumaa mara nyingi Edouard alikuwa njiani na garimoshi. Dereva alipaswa kuwa Germaine.

Basi mwezi wa saba, Jumapili moja, walikuwa wamekwenda Karavia kumpa habari. Mama Nkandu aliketi ndani ya jiko, na Edouard alisimama nje, akiutazama ukuta wa udongo. Germaine alisimama mlangoni, kati yao.

"Ambia mama," Edouard alisema, "motokari tutakamata ile wewe utaweza kuendesha. Ambia pia, safari yake ya kwanza itakuwa ya mama, siku ya kwanza ya dawa. Mi sitakuwa ndani, na sitasimama mu njia yake. Hakuna kintu itachelewesha ile safari."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza jambo kanisani.

"Ambia bwana yako nimesikia," sauti ya mama ilijibu. "Ambia asipige kelele vile. Njo macho inagonjwa. Masikio iko muzuri."

Ndiyo maana sasa, mbele ya gari la Mukuka, Edouard alikuwa bado ameinama, akizitazama zile pedali. Pedali mbili! Watu wote walikuwa wamemwambia kwamba kumfundisha mwanamke mwenye miaka thelathini na minne kucheza na miguu mitatu ya chuma ni kazi ya mwaka mzima. Na mwezi wa kumi ulikuwa mlangoni. Gari hili lilikuja kama jibu la novena, sala ya siku tisa.

Mukuka alimpa ufunguo. Walizunguka mtaa, wakapita karakana ya reli, wakarudi. Edouard alikuwa na sifa moja iliyojulikana kituoni: alipoondoa garimoshi, kikombe cha kahawa katika daraja la kwanza hakikumwaga hata tone. Alijua ni uvumilivu kiasi gani unaohitajika ili chuma kizito kiondoke bila kushtua mtu. Na gari hili lilifanya hivyo lenyewe. Ulikivuta kijiti kando ya usukani, ukakanyaga kidogo, nalo likateleza kama mtu anayeondoka kwenye mazishi kwa heshima. Aliposhuka, macho yake yaling'aa.

"Mama Mimi," alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "Mungu ametusikia."

"Ngoja kwanza asikie miguu yangu," Germaine alisema.

Jumapili baada ya misa walikwenda kwenye barabara ya vumbi inayoelekea Karavia, mahali pasipo na nyumba. Germaine aliketi kwenye usukani. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, kisha akavivua, akabaki peku. Mukuka aliketi kando yake, Edouard nyuma.

"Vuta kijiti hapa. Voilà. Sasa mguu wa kuume, polepole."

Gari liliondoka vizuri. Germaine alitabasamu. Walikwenda mita mia, mia mbili. Mbele kulikuwa na mbuzi, akataka kupunguza mwendo, na mara gari likasimama ghafla kana kwamba limegonga ukuta. Kofia ya Mukuka iliruka ikagonga kioo. Edouard alijikuta amekumbatia kiti cha mbele.

"Si mimi!" Germaine alisema.

"Ni nani basi? Mbuzi?" Mukuka aliokota kofia. "Mama, umekanyaga fre na mguu wa kushoto. Ule wa kushoto hauna kazi humu. Mwambie alale."

Walijaribu tena. Tena mguu wa kushoto uliinuka wenyewe na kushuka juu ya pedali ya breki, pedali pana kama sahani, na wote watatu wakapigwa mbele. Mara ya tatu Mukuka alimwambia aukunje chini ya kiti. Mara ya nne aukalie. Ulitoka. Mara ya sita Germaine alisimamisha gari mwenyewe, safari hii kwa mguu wa kulia, akaweka paji la uso kwenye usukani.

"Mi siweze," alisema.

"Utaweza," Edouard alisema kutoka nyuma, lakini sauti yake ilikuwa na ukali kidogo. "Ata mutoto anaweza. Pedali mbili tu!"

Germaine aligeuka akamtazama. "Basi ita mutoto."

Walirudi nyumbani Edouard akiendesha. Mukuka tu, kwa upole, alijaribu kuwachangamsha. "Wa kwangu wa kushoto alikufa kwanza, njo maana hanisumbue," alisema. Hawakucheka.

Mukuka alikuwa amefikia kwa binamu yake mjini, na alisema atangoja jibu hadi Jumatano; gari aliliacha kwa Edouard mpaka jioni. Jumapili ile yote Edouard hakutulia. Habari zilikuwa zimeenea. Wenzake wa kituoni walipita mmoja mmoja kulitazama gari, wakaligusa, wakamwita Patron, bwana mkubwa, kwa mzaha uliokuwa na wivu ndani yake. Mashinisti wa kwanza mweusi mwenye Mmarekani! Naye alianza kujisemea maneno laini. Angeweza kulinunua. Germaine angejifunza polepole, hata ikichukua miezi. Pengine daktari angesogeza siku. Pengine kaka yake Mama Nkandu angepata punda. Kila mara alipofika kwenye lile neno la punda aliona haya, akaanza tena mwanzo.

Jumatatu alasiri, kabla ya zamu yake ya usiku, alikuwa akinywa chai mlangoni. Germaine alikuwa anashona sare za shule barazani. Alijifunza kushona kwa masista miaka ya usichana wake, na cherehani ile ya miguu ilikuwa imelipa nusu ya vitu vilivyokuwamo ndani ya nyumba. Hakumtazama mumewe. Bado alikuwa na hasira, na akiwa na hasira alishona haraka.

Edouard alisikiliza cherehani bila kutaka, kama anavyosikiliza injini yoyote. Ilikimbia, ikakimbia, kisha mwisho wa pindo ikasimama kwa ghafla, safi. Ikakimbia tena, ikasimama. Aliweka kikombe chini. Akatoka, akachuchumaa kwenye sakafu ya saruji, karibu na miguu ya mkewe.

"Baba Mimi, unatafuta nini pale chini?"

"Shona."

"Umeangusha kintu?"

"Shona tu, mama. Mpaka mwisho wa nguo."

Alishona. Miguu miwili ilicheza pamoja juu ya ubao wa chuma, kisigino na vidole, kisigino na vidole. Na alipofika mwisho wa pindo, mguu wa kushoto ulikaza, ukabana ubao, na gurudumu likasimama. Wa kulia haukufanya lolote. Wa kushoto ndio uliosimamisha.

"Tena," Edouard alisema.

Akashona tena. Tena ule wa kushoto ukabana.

Edouard alibaki amechuchumaa. Miaka kumi na mitano mguu ule ulikuwa umefanya kazi moja: kila mkono unapotaka kupunguza, wenyewe unashuka. Hakuna aliyeuamrisha. Yeye na Mukuka wakamweka Germaine kwenye gari ambalo mguu wa kushoto hauna kitu cha kufanya isipokuwa kungoja, na mbele yake kuna sahani ya breki. Ungewezaje kungoja? Yeye mwenyewe, kama angenyang'anywa kazi ya mkono mmoja kwenye garimoshi lake, mkono ule ungetafuta kitu cha kushika.

"Hauna makosa," alisema taratibu.

"Nani?"

"Mguu wako. Tulimunyima kazi." Aliinuka, magoti yakalia. "Na mi nimekusemea mubaya jana. Unisamehe."

Germaine alikata uzi kwa meno. "Nitasamehe kama utaniambia sasa tunafanya nini."

"Tunaenda kwa Gérard."

Gérard alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, jirani wa mtaa wa pili, aliyekuwa anahamishiwa Kamina na hakutaka kwenda na gari lake. Lilikuwa gari dogo la kijivu, kuukuu, lenye bavu moja lililobonyea, pedali tatu, na kijiti cha vitesi kilichotoka sakafuni kama mwiko uliochomekwa kwenye chungu. Edouard alikuwa amelipita mara nyingi bila kugeuza shingo.

"Leo mumekumbuka maskini," Gérard alisema alipowaona. "Na Mmarekani?"

"Mmarekani anataka muntu wa mguu moja," Germaine alijibu. "Mi niko na mbili."

Gérard alikuwa na maneno mengi juu ya gari lake, kama walimu wote. "Angalia, Edouard. Siku betri itakufa, na itakufa, bantu tano ya hapa batasukuma hii, utatia vitesi ya pili, utaachia ambreyaji, itawaka. Ile ingine, watasukuma na mikono mpaka Sakania, itanyamaza tu. Na siku vitesi yake itaharibika, nani hapa mu cité, mu mitaa yetu, amekwisha kuifungua? Hii yangu, ata fundi wa baiskeli anaijua."

Lakini Edouard hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anaitazama miguu ya mkewe.

Walitoka na gari papo hapo, Germaine kwenye usukani, na injini ilizimika mara tisa siku ile ya kwanza. Gari liliruka kama chura, na Gérard alishika mlango kwa mikono miwili akimwita Bikira Maria. Lakini halikuwapiga mbele. Kila Germaine alipotaka kupunguza, mguu wa kushoto ulishuka kama kawaida yake, ukakuta pale pedali ya ambreyaji ikiungojea, na gari likalegea tu, likapunguza, likamngoja aamue.

"Umeona?" Gérard alipiga kelele. "Umeona? Ule mguu uko na akili! Sasa ukiuinua, usiutupe. Uinue sawa vile unaondoa mukono chini ya kichwa ya mutoto mwenye kulala."

Germaine alikuwa amelaza watoto wanne. Aliinua mguu hivyo. Gari la kijivu likaondoka kimya kimya kwenye vumbi.

Jumanne Edouard alikwenda nyumbani kwa binamu wa Mukuka kumpa Mukuka jibu. Lilikuwa jambo gumu kuliko alivyofikiri, kwa sababu gari la kijani lilikuwa limeoshwa na kungojea mbele ya nyumba. Aliweka kiganja juu ya paa lake kwa mara ya mwisho, chuma kikiwa cha moto kwa jua.

"Unaipenda," Mukuka alisema.

"Naipenda sana."

"Ata mi. Basi nitairudisha Sakania, na nitakuwa shofere yake mpaka atapatikana muntu mwingine." Akacheka, kisha akamshika mkono. "Salimia mama. Mwambie kofia yangu inapona."

Edouard alimlipa Gérard, na wiki sita zilizofuata Germaine alijifunza kila alasiri aliyopata nafasi. Alijifunza kurudi nyuma kati ya mapipa mawili. Alijifunza mlima wa daraja, ambako alishuka kinyumenyume mara mbili na kumtisha mwuza karanga. Ofisi ya leseni ilitaka karatasi ya ruhusa ya mume, na Edouard aliisaini kwa maandishi mazuri kama ya cheti cha ndoa. Mwishoni mwa mwezi wa tisa mtahini alishuka kutoka gari la kijivu, akampa Germaine permi yake, na kusema tu kwamba anabadilisha vitesi vizuri. Germaine aliirudia sentensi ile kwa mumewe mara nne.

Mizaha haikukosekana. "Edouard, uliacha tembo, ukaleta panya," wenzake walimwambia kituoni. "Na panya mwenyewe anaendeshwa na bibi!" Alijibu kwa tabasamu, lakini mingine ilimchoma.

Kisha, Jumatano ya wiki ile ile ya dawa, alikuja Alexis. Alexis alikuwa na studio ya picha mjini, na alipigia picha gazeti la wafanyakazi wa reli. Alikuwa na habari iliyomfanya Edouard aketi.

"Wamenituma kwako. Ukurasa muzima! Mashinisti wa Kongo mbele ya motokari yake. Ijumaa saa moja asubuhi, hapa kwako, ju Jumamosi gazeti inaingia mu mashini. We, na motokari, mkono juu ya boneti. Vaa koti."

"Ijumaa," Edouard alisema.

"Ijumaa. Hakuna siku ingine."

Edouard alimfikiria baba yake, huko Kabalo. Mzee yule alibeba mataruma ya reli begani ujana wake wote, na bega moja lilibaki chini kuliko jingine. Hakuwahi kupigwa picha. Kila likizo aliuliza kama kweli mwanawe ndiye anayeshika usukani wa garimoshi, na kila mara Edouard alieleza kwamba garimoshi halina usukani, na mzee hakuamini. Picha katika gazeti la kampuni! Angeibandika ukutani. Angeita kijiji kizima.

Hakumwambia Germaine hadi Alhamisi jioni, wakiwa mezani.

"Tungoje nusu saa," Germaine alisema mara moja. "Atapiga, nitaenda mbio."

"Daktari anapokea mpaka saa ngapi?"

Sista wa hospitali alikuwa amewaambia wote wawili: saa moja na nusu mlango unafungwa, na mgonjwa asiyefika siku ya kwanza jina lake linapelekwa kwenye orodha ya mwaka mpya.

"Niende nimukamate mama kwanza, tupite hapa, nisimame kidogo..."

"Na mama ndani? Mbele yangu?" Edouard alitikisa kichwa. "Nilisema hakuna kintu itachelewesha. Sikusema hakuna kintu isipokuwa picha."

"Na baba yako?"

Alikuna kiganja chake cha kushoto, ambacho makaa yalikuwa yamekiachia alama. "Baba nitamwandikia," alisema. Hakula zaidi.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa limeshatoka, Germaine aliwasha gari la kijivu. Edouard alimfungulia lango. Hakuna aliyewaona isipokuwa kuku. Gari lililonunuliwa kwa akiba ya miaka sita lilikwenda zake Karavia, na mwenye kulinunua alibaki na mkono wake juu ya lango.

Saa moja kasoro dakika kumi Alexis alifika kwa baiskeli, kamera kifuani, akihema. Alitazama ua. Alitazama nyuma ya nyumba.

"Motokari iko wapi?"

"Iko mu kazi."

"Kazi gani? Edouard! Mi nimekuambia saa moja!"

"Uliniambia. Imeenda kukamata mama mkwe, hospitali inangoja."

Alexis alishika kichwa. Alikuwa bado anatafuta maneno waliposikia injini. Barabara ya kutoka Karavia kwenda hospitali ilipita pale pale, mbele ya lango. Gari la kijivu lilitokea kwenye kona, Germaine wima nyuma ya usukani, na kando yake mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani.

"Njo ile!" Alexis alirukia barabarani. "Imefika! Simamisha, Edouard, sekunde moja tu!"

Edouard alikuwa ameshageuka. Alisimama ameelekea ukuta wa nyumba yake, mgongo kwa barabara, mikono kando ya mapaja.

"Geuka, bwana wee! Mkono juu ya boneti, basi!"

"Mama iko ndani."

"Basi ashuke kidogo!"

"Hashuke ju yangu."

Alisikia injini ikipungua. Germaine amemwona Alexis barabarani. Amekanyaga ambreyaji. Gari lililegea, likiuliza. Lilikuwa hatua kumi tu nyuma ya mgongo wake, na nuru ya asubuhi, alijua, ilikuwa nzuri kabisa kwa picha. Mama Nkandu naye, ndani, lazima alikuwa amekwisha kuvuta kitambaa juu ya uso, akingoja.

Edouard aliinua mkono wa kulia, bila kugeuka, akaupunga kuelekea mjini, kama anavyowapungia watu wa njia kwamba garimoshi lipite.

"Toka mu njia, Alexis," alisema. "Tafadhali."

Hatua za Alexis zilisikika zikija pembeni. Injini ikapanda. Vitesi ya kwanza. Ya pili, laini. Ya tatu ilisikika mbali, karibu na daraja.

"Gazeti itatoka bila wewe," Alexis alisema. Hasira yake ilikuwa imekwisha nusu.

"Itoke."

Edouard aliendelea kuutazama ukuta mpaka hakusikia tena gari. Kisha akaingia ndani kuchukua mkoba wake wa kazi, kwa sababu garimoshi la Sakania lilikuwa linamngoja saa mbili.